Siki ya kachumbari na asetoni ya chupa ya maji: nilivyosafishia vifaa vya epoksi hapa Moshi

Kwenye dirisha la karakana yangu hapa Pasua kuna kopo la rangi lenye brashi kumi na moja. Zote zimesimama wima, zote zimekauka kama jiwe. Ukiigonga moja mezani inalia ko! kama mwiko. Sizitupi. Kijana akija kujifunza kazi namwonyesha hilo kopo kwanza, ndipo namwonyesha randa.

Mimi ni seremala wa vitanda na milango. Kwenye mitumbwi huu ni mwaka wa tatu, tangu mteja mmoja anayevua perege bwawa la Nyumba ya Mungu aliponiuliza kama naweza kumtengenezea chombo chepesi, kinachobebeka na watu wawili. Mitumbwi ya mbao nene aliyokuwa nayo, ukiikalafati leo, mwezi ujao inavujia kwingine. Ndipo nikajifunza kushona plaiwudi kwa waya wa shaba, kujaza maungio kwa epoksi, gundi ya vimiminika viwili, iliyokorogwa na unga wa mbao, halafu kuvika kitambaa cha faiba, yaani nyuzi za kioo, juu yake. Nimeshatoa sita. Mmoja uko Ziwa Duluti kule Tengeru, unabeba watalii, na kila nikipita Arusha naenda kuusalimia.

Kutengeneza naona raha. Kilichonitoa jasho ni kusafisha. Epoksi si rangi ya mafuta ambayo ukisahau brashi leo unailoweka kesho. Ukishachanganya resini, ile gundi yenyewe, na hadina, kigandishaji chake, saa imeanza kukimbia, na joto ndilo linaloikimbiza: hali ya hewa ikipanda nyuzi 10, muda wako wa kufanya kazi unapungua karibu nusu. Julai hapa Moshi napata muda wa kunywa chai. Februari, ukipokea simu ya shemeji umeshapoteza brashi. Kijana wangu aliwahi kuacha kikombe kimejaa mchanganyiko juani akaenda kununua vocha. Aliporudi kilikuwa kinafuka moshi na kitako kimeyeyuka. Mchanganyiko ukirundikana unajipika wenyewe, kwa sababu joto linalozaliwa ndani halina pa kutokea.

Kwa hiyo haya ndiyo maoni yangu kuhusu vitu nilivyonunua kusafishia. Vyote kwa fedha yangu, hakuna aliyenipa cha bure.

Naanza na asetoni, kimiminika kikali cha kuyeyushia, kwa kuwa ndiyo kila fundi atakayokutajia. Mafundi wa meza za resini Arusha wanaiapia. Na kweli inafanya kazi: epoksi ambayo haijashika inayeyuka mbele ya macho yako, na chuma kinabaki kikavu bila utando. Tabu ni kuipata. Duka moja mjini, jina nalihifadhi, waliniuzia lita moja ndani ya chupa ya maji ya kunywa, bila lebo, kizibo kimefungwa na nailoni.

"Dada, hii ni asetoni kweli?"

"Ndiyo yenyewe, fundi. Mafundi wote wanachukua hii hii."

Nilipofika karakana nikaifungua. Harufu ikanipeleka moja kwa moja gereji wanakopiga magari rangi. Nikachukua glasi, nikatia maji nusu, nikamimina kidogo ya ile "asetoni". Asetoni halisi hupotea ndani ya maji, unabaki na kitu kimoja cheupe kama maji yenyewe. Hii yangu ilifanya ukungu kwanza, kisha ikajitenga ikaelea juu kama mafuta kwenye supu ya mbuzi. Ilikuwa thina, ile ya kupunguzia rangi. Nikarudi na glasi yangu mkononi, nimeifunika kwa kiganja, watu kwenye daladala wananiangalia. Yule dada akaitazama, akacheka.

"Lakini si vyote vinasafisha, baba?"

Ana ukweli wake, siwezi kumkatalia. Thina nayo inatoa epoksi mbichi, ila kwa kusuasua. Thina ni mchanganyiko wa vimiminika, kila mtengenezaji na wake, kwa hiyo leo unapata kali, kesho unapata dhaifu. Brashi niliyooshea thina ilibaki na mafuta-mafuta, na kazi iliyofuata ikatoka na vitundu kama samaki anayepumua. Na kichwa kiliuma mpaka jioni. Mimi sinunui tena kwa kazi hii, iwe bei gani. Lakini lile jaribio la glasi ya maji nakuachia ulifanye palepale kaunta kabla hujatoa hela. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Asetoni yenyewe niliipata baadaye kwenye duka jingine, kopo la bati lenye lebo, shilingi 15,000 kwa lita. Nikafanya kosa langu mwenyewe: nikaipunguzia kwenye chupa tupu ya maji ili kijana awe nayo karibu. Siku ya tatu plastiki ilikuwa imegeuka nyeupe kama jicho lenye mtoto, na ukiibonyeza inatoa mlio wa kuvunjika. Zile chupa nyembamba za maji hazivumilii asetoni. Na fikiria jambo lingine: kimiminika cheupe, kwenye chupa ya maji, kwenye karakana ambayo watoto wa jirani wanakatiza wakitoka shule. Nilihamishia kwenye chupa ya kioo siku ileile, nikaandika SUMU kwa rangi nyekundu, nikaipandisha rafu ya juu.

Halafu moto. Jirani yangu upande wa kulia ni mama ntilie, jiko lake la mkaa halizimi kuanzia saa 11 alfajiri. Asetoni hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini, unapita chini ya mlango kama panya. Tangu nilipoelewa hilo, kuosha kwa asetoni nafanyia uani, upande wa pili kabisa, na matambara yaliyolowa nayatandaza kwenye waya yakauke kwanza. Mama ntilie alidhani namkwepa kwa sababu ya deni la chapati. Ilibidi nimweleze.

Nikakaa nikapiga hesabu. Brashi ya bei rahisi nanunua shilingi 1,500. Kuiosha vizuri, maji mawili, inakula asetoni karibu robo lita, yaani shilingi 3,750. Naokoa brashi ya 1,500 kwa kuchoma 3,750! Ningekuwa namwona mtu mwingine anafanya hivyo ningemwita pembeni. Siku hizi brashi za kupakia epoksi ni za kutupa, basi. Asetoni naiwekea vitu vya maana: fremu ya rola, mkasi, brashi moja nzuri ya nywele niliyoipenda. Na siimwagi baada ya kutumia mara moja. Nina chupa mbili za kioo. Ya kwanza ni chafu, ndiyo inayopokea kifaa kikiwa kimejaa epoksi. Ya pili ni safi, ya suuza ya mwisho. Uchafu wa ile ya kwanza unatuama chini baada ya siku kadhaa, namimina ya juu naitumia tena. Lita moja inanimalizia mtumbwi mzima na kubaki.

Ile tope ya chini usiimwage mtaroni. Mfereji unaopita nyuma ya kwetu unashuka kuelekea mashamba ya mpunga ya Mabogini, na huo mpunga tunaula sisi wenyewe. Mimi naiacha wazi uani, mbali na moto na watoto, mpaka asetoni yote iruke na epoksi iliyobaki ikauke iwe ngumu. Ikishakauka ni takataka ya kawaida, naitupa na takataka nyingine.

Spiriti nayo nilijaribu, ile ya kuwashia jiko la kambi. Inafanya kazi nusu. Kwa kufuta matone mezani inatosha. Kwa brashi, hapana.

Sasa mikono. Hapa nataka nikae kidogo.

Miezi minane ya mwanzo nilikuwa naosha mikono kwa ile thina. Kila fundi niliyemwona alifanya hivyo: unamwagia kwenye kiganja, unasugua, unamalizia na sabuni ya kipande, unajiona msafi. Kumbe thina na asetoni hazitoi epoksi mkononi, zinaiyeyusha na kuipeleka ndani ya ngozi, huku zikiondoa yale mafuta ya asili yanayoilinda. Mwezi wa tisa nikaanza kuwashwa katikati ya vidole. Nikasema fangasi, nikapaka dawa ya fangasi. Mwezi wa kumi vipele vilipanda mpaka kwenye viwiko, na jicho moja likavimba siku ambayo sikugusa hata tone, nilipiga msasa tu mtumbwi ambao epoksi yake haijakomaa. Nikaenda hospitali ya KCMC, kitengo cha ngozi. Daktari aliniuliza kazi, nikamwambia seremala, akauliza gundi gani. Nilipotaja epoksi na hadina akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeshaisikia hiyo hadithi. Akanieleza kwamba ni mzio, na mwili ukishaukariri hausahau. Hautoki. Unachoweza ni kutogusa.

Mzee mmoja fundi meza ninayemfahamu Arusha ameacha kabisa kazi ya resini kwa ajili hiyo hiyo. Anauza mbao sasa. Mimi sijaacha, ila nafanya kama mpishi wa hospitali: mikono mirefu, barakoa wakati wa msasa, glavu za nitraili jozi mbili, ya juu naivua ikichafuka. Zile glavu nyembamba za mpira mweupe hazikunifaa, epoksi inazipita, na asetoni inapita hata nitraili. Boksi la nitraili la glavu 100 linauma mfuko, lakini nimeshalipia dawa za kupaka na najua ipi ghali.

Na hapo ndipo siki ilipoingia.

Nilikuwa jikoni jioni moja, tone la epoksi limenidondokea juu ya kifundo cha mkono, mahali ambapo glavu inaishia. Asetoni nimeshakatazwa. Mama watoto alikuwa anakatakata kachumbari, chupa ya siki nyeupe iko mezani. Nikachukua kitambaa, nikafuta kwanza kwa ukavu, nikatia siki, nikafuta tena. Ikatoka. Nikaosha na sabuni na maji ya uvuguvugu. Mama watoto akanitazama.

"Baba, hiyo ya salad unaimalizia wapi?"

Kesho yake nikanunua chupa yangu. Siki ya kawaida ni maji yenye asidi kama asilimia 5, na hiyo asidi inashikana na hadina iliyo ndani ya epoksi mbichi, ambayo tabia yake ni kama magadi. Ndiyo maana mchanganyiko unapoteza ule unato. Lakini uelewe, siki haiyeyushi epoksi kama asetoni. Inailegeza. Ukiitumbukiza skrepa, kile kikwangulio cha bapa, iliyojaa epoksi kwenye siki ukategemea muujiza, utakuta uji mweupe umeganda pembeni na skrepa bado chafu.

Navyofanya ni hivi. Skrepa ikitoka kwenye kazi, naikwangua kwanza ukingoni mwa kikombe, pande zote mbili. Kisha gazeti: naikunja skrepa ndani ya karatasi, naivuta kama ninayefuta kisu cha siagi. Hapo asilimia kubwa imeshatoka bila kimiminika chochote. Halafu kitambaa chenye siki, nasugua kuanzia mpini kwenda kwenye ncha. Unaona epoksi inabadilika, inatoka kwenye kuwa asali na kuwa kama maziwa yaliyokatika, vipande-vipande visivyong'ang'ania tena. Kitambaa cha pili chenye siki, safi. Kisha sabuni, maji, na kukausha. Dakika mbili. Usiache siki kwenye chuma usiku kucha, skrepa yangu ya kwanza ilipata kutu ya rangi ya udongo wa Himo. Sasa nikimaliza naipitishia kitambaa chenye mafuta kidogo, na kabla ya kuitumia tena naifuta yale mafuta.

Kasoro zake? Kwenye brashi siki ni dhaifu, nywele za ndani karibu na shina haizifikii. Kifaa chochote kilichooshwa kwa siki na maji lazima kikauke kabisa kabla hakijagusa epoksi nyingine. Na usithubutu kufutia mtumbwi wenyewe mahali unapotaka kugandisha kitu juu yake. Karakana pia inanuka achari wiki nzima, wateja wanauliza. Lakini haiwaki moto, haipandi kichwani, na nanunua chupa kwa shilingi 2,500. Kwa skrepa, ndoo, meza, miwani na vishikio, siki imeshinda kila kitu nilicholipia.

Yote hayo ni kwa epoksi mbichi. Ikishakauka, hakuna siki, hakuna asetoni, hakuna maombi. Hapo dawa ni joto.

Mkasi wa kukatia kitambaa cha faiba niliusahau kwenye meza usiku mmoja. Asubuhi meno mawili yamekuwa jino moja. Kijana akashauri tuuchome kwenye jiko la jirani. Nilishawahi kuchoma kisu cha puti hivyo, moshi wake mweusi unakaba koo, na chuma kinapoteza makali. Nikachukua sufuria chakavu ambayo haitarudi jikoni tena, nikachemsha maji uani, nikautumbukiza mkasi dakika kama kumi. Epoksi inayokauka kwa joto la kawaida haihitaji maji ya kutokota ili ilegee, inaanza kulainika mapema zaidi. Nilipoutoa kwa koleo, ile epoksi iliyokuwa kioo ilikuwa kama mpira wa ndara. Nikaupanua mkasi kwa nguvu kidogo, nikapitisha kisu kikuukuu kwenye ubapa, ikatoka ukanda mrefu mmoja unaokunjika, bado na nyuzi za faiba ndani yake. Ukipoa tu inarudi kuwa kioo, kwa hiyo niliutumbukiza mara tatu. Mkasi huo ninao mpaka leo. Tia mafuta kwenye kiungo cha katikati, maji ya moto yanakausha kila kitu.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote sikukinunua kwa ajili ya kusafisha. Ni dumu la njano la mafuta ya kula, lita 20, lililopasuka. Nililikata vipande vya ukubwa wa kiganja, nikalainisha ukingo kwa msasa, nikavifanya vya kusambazia epoksi kwenye faiba. Plastiki ya dumu epoksi haiishiki. Unamaliza kazi, unakiacha kipande kikauke na uchafu wake wote, kesho unakikunja: kra! epoksi inabanduka kama ganda la yai. Hakuna siki, hakuna kitambaa. Makopo ya siagi na mtindi ni hivyo hivyo, unachanganyia humo, unayaacha, kesho unayaminya na kitako cha epoksi kinatoka kizima. Na klampu, vile vibanio vya kushikia mbao, nazifunga selotepu pana ya kufungia maboksi kabla ya kuanza, nikimaliza naibandua na matone yake. Sokoni Memorial dumu lililopasuka wanakuuzia kwa bei ya soda, na moja linatoa vipande zaidi ya thelathini.

Ningeulizwa nitumie hela wapi nikianza upya, ningesema: glavu kwanza, dumu, siki, halafu asetoni lita moja ya kopo la bati. Thina ningewaachia wa magari.

Wiki iliyopita nilikwenda dukani mtaani kwetu nikachukua chupa sita za siki kwa mpigo. Muuzaji akazipanga kwenye mfuko, akaniangalia.

"Mangi, umefungua mgahawa?"

Nikamwambia nina mtumbwi. Akanirudishia chenji bila kuuliza zaidi.